Nyama ya Syokau

Saa nne asubuhi watu kama thelathini walikuwa mbele ya bucha ya Syokau, sokoni Mutomo, na hakuna aliyetaka kununua. Kilonzo, mwendesha boda boda, alisimama mbele yao ameinua simu.

"Soma mwenyewe," alisema. "Unatulisha punda."

Syokau alifuta mikono kwenye aproni, akaichukua simu. Ukurasa wa mtandaoni uliitwa Mutomo Motomoto. Uliandika kwamba anachinja punda kwa siri, na kwamba daktari wa mifugo amethibitisha. Chini kulikuwa na picha ya vichwa vya punda kwenye nyasi.

"Huyu daktari anaitwa nani?"

"Imeandikwa daktari."

"Na aliyeandika?"

Kilonzo alinyoosha mkono kutaka simu yake.

"Nyasi ndefu za kijani namna hii umeziona wapi Mutomo mwaka huu wa ukame?" Syokau alizidi kuupekua ukurasa. "Umefunguliwa wiki mbili zilizopita. Habari ya kwanza ni ya kubeti. Ya pili, dawa ya nywele. Ya tatu ni mimi."

"Watu elfu mbili wameisambaza. Wote ni wajinga?"

"Wangapi wamekuja kuangalia? Huu ni muhuri wa mkaguzi wa nyama, Mwau, kwenye kila paja. Ofisi yake ile pale. Kamuulize."

"Mwau unaweza kumhonga."

"Na asiyetaja hata jina lake, huyo ndiye unayemwamini?"

Syokau alimfungulia mlango wa nyuma. Kilonzo aliingia, akakuta vichwa vinne vya mbuzi na ngozi zao. Alitoka, akatema mate chini, akawasha pikipiki. Wengine wakatawanyika. Hakuna aliyeomba msamaha, na siku hiyo hakuna aliyenunua hata robo kilo.

Mchana Syokau alifungua grupu ya kanisa kwenye simu yake. Habari ileile ilikuwa imetumwa na Wayua, mke wa kaka yake. Akampigia.

"Wifi, ni wewe umetuma?"

"Nilituma ili watu waseme kama ni kweli."

"Nyumba yako iko nyuma ya bucha yangu. Ulishindwa kuja kuniuliza?"

"Usikasirike. Nitaifuta."

"Usifute. Andika hapo chini kwamba hukuuliza."

Wayua akakata simu. Jioni habari ilikuwa imefutwa, na baada yake Wayua alikuwa ametuma aya ya Biblia.

Jumapili Wayua alikuja kuketi karibu naye kanisani. Syokau alichukua mkoba wake, akahamia benchi la nyuma.