Ukuta Uliofuata Deni

Niliota, usiku wa kuamkia leo, kwamba benki imenipa chumba badala ya kadi.

Kilikuwa chumba kizuri cha sakafu ya saruji, na juu ya mlango palikuwa na kibao kilichoandikwa MILIONI TATU. Ndani kilijaa viroba. Sikushangaa, kwa sababu viroba vilikuwa vyangu. Kimoja kiliandikwa Bati, kingine Ada, na kile kikubwa kuliko vyote kiliandikwa Msiba wa Mama. Nilikuwa nimeviingiza mwenyewe, kimoja kimoja, kwa miaka miwili ya kulipa vitu kwa kadi ya mkopo.

Lazima niseme kwanza mambo ambayo si ya ndoto. Naitwa Aikande, mwalimu wa fizikia hapa Moshi. Mdogo wangu Eliafoo alikuwa fundi wa nguzo za umeme. Mwaka juzi alianguka, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti, na tangu hapo hushinda barazani kwake akitengeneza redio za watu. Mwezi uliopita akapata kazi ya kutunza ghala la mbegu, kuanzia Jumatatu ijayo. Mtunza ghala kazi yake ni kusimama na kutembea. Mguu wa bandia ni milioni mbili, na karakana inayoutengeneza inapokea kadi.

Alipoutaja mara ya kwanza, kabla hata ya kazi hiyo, nilimwambia, "Subiri nipunguze deni kwanza, nafasi itapatikana."

Nikapunguza. Nilifundisha masomo ya ziada miezi saba, nikauza na mtamba wangu, hadi deni likashuka kutoka milioni mbili na laki saba likabaki laki sita. Jumanne wiki hii benki ikaniandikia kunishukuru kwa kulipa vizuri. Sentensi iliyofuata ilinijulisha kwamba kikomo cha kadi yangu kimeshushwa kutoka milioni tatu hadi laki saba. Kwa hiyo, badala ya milioni mbili na ushee, nilibakiwa na laki moja ya kutumia.

Eliafoo sikumwambia. Kesho Ijumaa ndiyo siku yake ya kuvishwa mguu.

Basi, ndotoni nimo chumbani, natoa viroba. Kila ninachotoa kinaacha nafasi, na katikati ya nafasi hiyo Eliafoo ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa shati lake la kanisani.

"Fundi wa mguu amesema zinahitajika hatua sita," ananiambia. "Nikizitembea zote sita bila kushika kitu, mguu ni wangu."

Naitazama sakafu. Kuna hatua tisa. Nafurahi, nakibeba kiroba cha Bati, nakitupa nje.

Niliporudi zilikuwa saba.

Ukuta wa mbele ulikuwa umesogea hadi mahali kiroba kilipokuwa. Mtu mfupi mwenye tai alikuwa ameuegemea kwa mgongo, anausukuma polepole, visigino vimekita sakafuni. Kifuani alikuwa na beji: KIKOMO.

"Hongera," akaniambia.

"Unafanya nini?"

"Nakupongeza." Akasukuma tena kidogo.

"Mzee, hapo nimepasafisha ili mdogo wangu atembee."

"Tumeona. Umepasafisha vizuri sana. Sasa hapana kitu, na mahali pasipo na kitu hatuwezi kupaacha wazi. Ukuta hufuata deni, Mwalimu. Lilipo deni ndipo ulipo ukuta."

Nikamwambia nimelipa kila mwezi, sijachelewa hata siku moja. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayepewa pole.

"Ndiyo maana tulikuona," akasema.

Nikafikiri kwamba kosa ni mwendo wangu. Nikitoa viroba kwa haraka kuliko anavyosukuma, nafasi itabaki. Nikakivuta kiroba cha Ada kwa mikono miwili, nikakimbia nacho nje, nikarudi nikihema. Hatua tano. Bwana Kikomo hakuwa hata na jasho.

"Dada," Eliafoo akasema, "mbona kama chumba kinapungua?"

"Ni macho yako," nikamjibu. "Umekaa sana."

Akasogeza kiti chake nyuma, karibu na ukuta mwingine, ili kuongeza nafasi.

Nikatoka kwenda kulalamika ofisini. Nilifungua mlango ulioandikwa Huduma kwa Wateja, nikajikuta katika maabara yetu ya shule, na kidato cha tatu wote wamekaa. Mbele ya ubao alisimama mwalimu mgeni. Ilikuwa ni kadi yangu. Ilikuwa na urefu wa mtu, imevaa sweta langu la kijivu, na jina langu limechomoza kifuani kwa herufi zile zile za kadi. Ilikuwa inafundisha kipindi changu.

"Umechelewa, Mwalimu Aikande," ikasema bila kugeuka.

"Naomba ukuta urudishwe. Mtu wangu anahitaji hatua sita."

"Darasa," kadi ikauliza, "ukuta hurudi nyuma?"

"Hauruuudi," wanafunzi wakaitikia pamoja, wale wale ninaowafundisha.

"Lakini unaweza kusimama," kadi ikaendelea. "Rudisha kiroba. Ukirudisha kizito, ukuta utasimama hapo utakapokiweka."

"Nikirudisha kiroba, Eliafoo atapita wapi?"

Kadi iliandika swali hilo ubaoni, ikalipigia mstari, ikawaambia wanafunzi ni kazi ya nyumbani.

Nilitoka mbio. Nje, viroba vyangu vilikuwa vimepangwa kando ya njia inayopita kwenye migomba ya nyumbani kwetu Machame, ingawa benki iko mjini. Nikachukua kile cha Msiba wa Mama, ambacho nilikitoa mwanzo kabisa. Mara ya kwanza, tulipokuwa tunamzika, nilikibeba bila kuhisi uzito. Sasa kilinishinda. Nikakiburuta, na kila nilipokiburuta kilisema kwa sauti ndogo, "Jeneza, turubai, mchele. Jeneza, turubai, mchele." Nilikiomba kinyamaze, kikashusha sauti lakini hakikuacha.

Nilipofika chumbani zilibaki hatua tatu na nusu. Nikakibwaga kiroba mbele ya ukuta. Ukuta ukasimama.

"Asante," Bwana Kikomo akasema. Akatoa leso, akaanza kufuta viatu vyake.

Hatua moja na nusu ilikuwa imechukuliwa na kiroba. Zilibaki mbili.

Hapo ndipo fundi wa karakana akaingia, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, amebeba mguu uliofunikwa kwa shuka kama anabeba mtoto. Akaniamkia, nikaitika. Akaufunua mguu, akausimamisha sakafuni peke yake. Ulikuwa umevaa kiatu cheusi kilichopigwa rangi.

"Habari za hapa," mguu ukasema.

"Nzuri," Eliafoo akaujibu.

"Mimi ni wa kulia. Nimechongwa kwa kipimo cha mtu anayeitwa Eliafoo, na sitembei na mwingine. Zile hatua sita ziko wapi?"

Fundi alivua miwani akaifuta. Bwana Kikomo aliendelea na viatu vyake. Kiroba kilikuwa kinanong'ona: jeneza, turubai, mchele.

"Zipo," nikasema.

Mguu ukageuka kidogo kunielekea. Haukuwa na macho, lakini nilijua unanitazama.

"Nazihesabu mbili," ukasema.

"Jaribuni tu," nikasema. "Tukianza zitapatikana."

Eliafoo alinisikiliza. Alipokuwa darasa la pili nilimwambia mto Weruweru hauna kina, akaniamini, akaingia. Sasa pia aliniamini. Akavaa mguu, fundi akafunga mikanda, akasimama. Sikuwa nimemwona amesimama hivyo kwa miaka miwili. Nilikuwa nimesahau kwamba ananipita urefu.

Anapiga hatua ya kwanza. Anayumba, anatulia.

Anapiga hatua ya pili, na kiatu cheusi kinagota kwenye kiroba cha mama.

Ukuta uko mbele ya pua yake. Anainua mkono kutaka kuushika, anakumbuka kwamba hatakiwi kushika kitu, anaushusha. Anabaki amesimama hivyo hivyo, anatetemeka kuanzia pajani. Jasho linamtoka shingoni. Fundi anahesabu kwa sauti ya chini, "Mbili," na anasubiri tatu.

"Nipite wapi, dada?" Eliafoo anauliza.

Nasukuma ukuta. Nausukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa mikono miwili. Nimefundisha kanuni za nguvu kwa miaka kumi na minne, na najua nini kinatokea ukisukuma kitu kisichosogea: kinakusukuma wewe. Napiga magoti nataka kukivuta kiroba, lakini nikikiondoa Bwana Kikomo ataanza tena, na ameshakunja leso.

"Mwalimu," mguu unasema, bila ukali, "mimi naweza kusimama. Yeye hawezi kusimama muda mrefu hivi. Mwambie."

"Kesho nitamwambia."

"Kesho ndiyo hii."

Nikainuka. Nilisimama mbele ya mdogo wangu katika upana uliobaki, ambao haukutosha watu wawili, kwa hiyo niliongea uso wangu ukiwa kwenye shati lake.

"Hakuna nafasi," nikamwambia. "Nililipa, wakapunguza. Sina milioni mbili, nina laki moja. Nilijua tangu Jumanne. Kila jioni uliponipigia kuniuliza saa ya kuondoka Ijumaa, nilikuwa najua. Nilikwambia saa mbili asubuhi, na nilijua kwamba hatuondoki."

Kiroba kikanyamaza. Fundi akaacha kuhesabu. Hata Bwana Kikomo aligeuka.

Ukuta haukusogea, wala mbele wala nyuma.

Eliafoo alishusha pumzi. Nilisikia mkono wake ukitua begani kwangu, akauegemeza uzito wake wote hapo, akashika kitu. Basi mtihani ulikuwa umeshaharibika, na hakuna aliyejali. Akafungua kinywa kunijibu.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jirani alikuwa anafagia uwanja, na mume wangu alishaondoka kwenda shambani. Bega langu la kushoto lilikuwa linauma, lakini huwa nalilalia. Nilikaa kitandani nikijipanga jinsi ya kumpigia Eliafoo, nianze na neno gani, kwa sababu maneno ya ndotoni yalikuwa yameisha nguvu. Mtu hawezi kumwambia mdogo wake habari ya ukuta na viroba. Na kuhusu benki sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Nikachukua simu. Palikuwa na ujumbe wa Eliafoo, umeingia dakika tatu zilizopita.

"Shikamoo dada. Uliondoka kabla sijakujibu. Sijakasirika. Ghalani nitawaomba wiki mbili, wakikataa basi, redio zipo. Ila siku nyingine usinisimamishe vile, paja linaniuma mpaka sasa."

Nilisoma mara mbili. Nje ufagio ulikuwa umefika chini ya dirisha langu.

Nikamwandikia: "Marahaba."