Kurasa Kumi na Nne za Shati Moja

Bi Sentimita hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na wenzake wa ofisini, kwenye kampuni ya sare iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Kazi yake ilikuwa kuandaa waraka wa vipimo, yale makaratasi yanayotumwa kiwandani ili watu wasiokujua, katika chumba usichokiona, washone nguo uliyoiwaza wewe. Aliandika urefu wa mkono, upana wa pindo, aina ya uzi, kifungo cha kwanza kikae wapi na cha mwisho kiishie wapi. Kabla ya hapo alikuwa ameshona nguo kwa miaka kumi na tisa, na alikuwa ameharibu vitambaa vya kutosha kujua kwamba usipomwandikia mshonaji jambo, atalishona anavyoona yeye.

Mwenye kampuni alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliyejipa cheo cha Mbunifu Mkuu. Mbunifu mwingine hakuwepo, kwa hiyo hakuna aliyekigombania. Alikuwa mtu wa maono. Aliweza kusimama mbele ya sanamu la kuvalishia nguo saa nzima, kidole kidevuni, kisha akatangaza kwamba kola haina ujasiri. Ujasiri wa kola ni sentimita ngapi, hilo halikumhusu. Hilo lilikuwa la watu wadogo.

Hoteli moja ilipoagiza mashati mia nne ya wapokea wageni, Bi Sentimita alikaa wiki nzima akaandaa kurasa kumi na nne. Mbunifu Mkuu alizipokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshikishwa nepi ya mtoto wa jirani. Akazipekua, akacheka. Alisema kiwandani kuna watu wazima, shati wanalijua tangu wanasoma, na kuwaandikia yote hayo ni kuwatukana. Bi Sentimita alimjibu kwamba hao watu wazima hushona kilicho kwenye karatasi, si kilicho kichwani mwake.

"Shemeji," alisema Mbunifu Mkuu, kwa upole wa mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa, "wewe ni fundi cherehani. Mambo ya ubunifu niachie mimi."

Kisha akaandaa waraka wake. Ulikuwa ukurasa mmoja, wenye picha ya shati lililovishwa sanamu, iliyopigwa kutoka ubavuni, na chini yake mistari mitatu: mkono ulegee kwa madaha; mfuko uwe wa siri; mengine yote yawe kama kwenye picha. Akatia sahihi iliyokula nafasi kubwa kuliko maelekezo, akautuma.

Miaka kumi na tisa ilikuwa imefupishwa ikawa cherehani, na ilimuuma Bi Sentimita kuliko alivyotaka kuonyesha. Akaziweka kurasa zake kwenye droo, akaendelea na aproni za wapishi.

Sampuli ilifika baada ya wiki tatu, asubuhi ileile meneja wa hoteli alipoalikwa kuja kuiona. Mtu mwingine angeifungua kwanza faraghani, akaikagua, akaipiga pasi. Mbunifu Mkuu aliifungua mbele ya mgeni kwa mbwembwe zote, akalivaa shati yeye mwenyewe.

Mikono ililegea kwa madaha, haina ubishi. Ilimfunika mpaka ncha za vidole. Meneja, mama mtu mzima mwenye miwani, akauliza wapokea wageni wataweka wapi kalamu. Mbunifu Mkuu akajipapasa kifuani, akapapasa tena, mwishowe akaupata mfuko kwa ndani, umeshonwa vizuri sana pande zote nne. Siri ilikuwa imetunzwa kikamilifu. Akaamua kuketi ili aligeuze jambo kuwa mzaha, akaegemea kiti, na akainuka upesi kuliko alivyokaa. Mgongoni kulikuwa na pini nne, zimepangwa kwa mstari. Shati la pichani lilikuwa kubwa kuliko sanamu, na yeye mwenyewe ndiye aliyelibana kwa pini nyuma; kiwanda kikaziiga.

Alisema kiwanda kimejaa wazembe. Akawapigia simu hapo hapo, akaweka sauti ya juu ili mgeni asikie wazembe wanavyonyooshwa. Aliyepokea alikuwa mkaguzi wa kiwanda, mwanamke mwenye sauti isiyo na haraka. Hakubishana naye. Alimsomea tu mistari yake mitatu.

"Na hizo pini tulijiuliza," aliongeza mkaguzi. "Tuliandika mara mbili kuulizia. Tukajibiwa tuamini maono."

Meneja aliuomba ule ukurasa, akaiangalia ile sahihi, akauliza kama hakuna karatasi nyingine. Bi Sentimita akafungua droo.

Alidhani siku hiyo ikifika ataifurahia, na kweli aliifurahia, kama dakika moja hivi. Kisha akamwona baba wa watoto wa mdogo wake akihangaika kufikia mgongo wake kwa mikono isiyoonekana vidole. Akaenda kumchomolea pini, moja baada ya nyingine.

Meneja alisoma kurasa zote. Ukurasa wa sita akaomba mfuko uongezwe sentimita mbili, daftari dogo liingie. Bi Sentimita akaandika papo hapo. Hoteli ikawapa wiki tatu nyingine, na ikaagiza suruali pia.

Nyumbani, Mbunifu Mkuu alimweleza mkewe kwamba ameanzisha mfumo mpya wa nyaraka. Mke akampigia dada yake, Bi Sentimita, kumsifia mume. Kesho yake Bi Sentimita alitaka jina lake liandikwe kwenye kila ukurasa. Shemeji akasema litaharibu sura ya karatasi.

"Sawa," alisema Bi Sentimita. "Basi suruali za hoteli andika wewe."

Mbunifu Mkuu akajifungia na suruali tangu asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana alitoka, futi shingoni, penseli sikioni, akainama kwenye meza ya Bi Sentimita ili wengine wasisikie.

"Shemeji, urefu wa mguu kwa ndani unapimwa kuanzia wapi?"

"Jina langu likae juu, upande wa kulia."

"Likae."

Bi Sentimita akamvutia kiti. Iliwachukua mpaka jioni, na Mbunifu Mkuu alikosea nyonga mara mbili.