Fishi ya Mama Mkwe

Msimcheke Gaston kabla hamjasikia. Ninyi mnaopishana na mama mkwe njiani, mkamwambia "jambo" na kumpokea kikapu, mmezaliwa juzi. Mwaka ule wa hamsini na moja, kwetu Kabambare, mwanaume akimwona mama wa mke wake anakuja aliingia majanini, hata kama majani yenyewe yamejaa siafu. Hakumtazama usoni. Hakumwona akila, maana mdomo wa mkwe ukitafuna ni aibu kama kumkuta anaoga. Na jina lake ndiyo kabisa, usithubutu. Mkwe wa Gaston aliitwa Célestine, basi hata Célestine mwingine, muuza karanga wa sokoni, kwake alikuwa "yule mama wa karanga" tu.

Na tazama bahati ya mtu: kazi aliyokuwa anajifunza ilikuwa kuita watu majina na kuandika vinywa vyao.

Alikuwa Kasongo, kwenye nyumba ndogo ya matofali, kwa mzungu wa meno ambaye watu walimpa jina la Bwana Koleo. Gaston alikuwa amesoma kwa mapadri, mwandiko wake ulipendeza, wakampeleka huko awe karani. Si munganga, jamani, karani. Asubuhi alifungua kitabu cha randevu, kile cha miadi, akapanga wagonjwa kwenye benchi la barazani, akamwandikia kila mmoja fishi yake, yaani karatasi ngumu yenye jina juu na picha ya meno yote chini. Kisha alisimama mlangoni na kuita jina kwa sauti. Mgonjwa akishakaa kitini, Bwana Koleo aliingiza kioo chake kidogo mdomoni na kutaja: "Sita, chini kushoto, imeoza." Gaston alirudia kwa sauti ileile, "Sita, chini kushoto, imeoza," ndipo akaandika, ili mzungu ajue amesikia sawasawa. Mwanzoni alichanganya kushoto na kuume mpaka mtu mmoja akanusurika kung'olewa jino zima. Kufikia mwezi wa tano alikuwa ameshika kazi barabara, hata akila muhogo alijikuta anataja namba za meno anayotafunia.

Je, aliipenda kazi hiyo? Aka! Harufu ya mle ndani ilimfuata mpaka kwenye sahani. Lakini aliyekuwa na kazi ya mzungu hakulimishwa pamba ya lazima, na aliyeiacha kabla ya siku yake alikwenda gereza. Jean-Baptiste, karani wa ghala moja la pamba, aliondoka siku tisa bila ruhusa kwenda kumzika baba yake. Aliporudi alifungwa miezi miwili, na wenzake wote makarani wakajifunza. Gaston alihesabu siku na kuendelea kuandika.

Mtu mmoja tu alimfanya apumue Kasongo, naye ni Régina, mke wake. Alimpenda kupita kiasi na hakuona haya kusema. Régina alikuwa na mimba ya miezi sita, na kila jioni Gaston alimfanyia kichekesho cha wagonjwa wa siku ile, wanaofumbata viti na wanaomng'ata mzungu kidole, mpaka Régina anashika tumbo na kumwomba anyamaze.

Sasa ikafika Jumatatu ya mwisho ya mafunzo. Bwana Koleo alikuwa amekwisha kumwambia: "Jumatatu mimi nitaangalia kazi yako. Unafanya yote peke yako. Ukifanya muzuri, unapata kontra, karatasi ya kazi. Ukikosa, unarudi kwenu kulima pamba." Kesho yake mzungu huyo angepanda lori kwenda Kindu, asirudi mpaka baada ya majuma sita.

Na asubuhi hiyohiyo, jogoo hajamaliza kuwika, lori la pamba likamshusha mama mkwe kutoka Lusangi, kule kwetu Kabambare. Gaston alisikia sauti yake upande wa pili wa ukuta wa matete, akachukua viatu mkononi, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kunywa chai. Régina alimkimbilia mpaka kwenye ua wa jirani.

"Gaston, mama atakufa. Jino imevimba mpaka kwa shingo. Tangu siku tatu hamezi hata uji."

"Aletwe leo kwa Bwana Koleo. Kesho hayuko."

"Atakuja. Lakini nani atamuita?" Régina alimshika mkono. "Unajua baba yangu. Ukimuvunjia mama heshima, wananirudisha nyumbani. Mimi sitaki kurudi, Gaston. Lakini nikiitwa na baba, siwezi kukatala."

"Sitamuita mimi. Nitatafuta njia."

Njia aliiona. Kulikuwa na Ismaël, mtu mzima wa Nyangwe, ambaye kazi yake ilikuwa kuchemsha vyuma vya munganga. Gaston alimweleza mambo yote, naye Ismaël akacheka mpaka akafuta macho. "Mukwe yako si mukwe yangu," akasema. "Mimi nitamuita, wewe uangalie karatasi yako tu." Gaston akashusha pumzi. Jina aliliandika kwenye fishi akiwa amekaza midomo, maana kuandika si kutaja, alijiambia hivyo, na Mungu ni mwelewa.

Mama mkwe alikaa mwisho wa benchi, kitambaa kimemfunika kichwa na shavu, mgongo ameupa mlango. Wagonjwa saba walitangulia. Gaston aliwaita vizuri, akarudia vizuri, akaandika vizuri. Bwana Koleo alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Ilipofika fishi ya nane, Ismaël akakohoa, akajifuta mikono, akaelekea mlangoni.

"Wewe Ismaël, unaenda wapi?" mzungu akauliza. "Chemsha vyuma yako. Leo ni Gaston."

Gaston akaweka kalamu chini. "Bwana, yule mama iko mukwe yangu. Kwetu hatuwezi kutaja jina ya mukwe. Ismaël amuite huyu mumoja tu, bwana, wengine wote nitaita mimi."

"Hapa hakuna mukwe," akasema Bwana Koleo, wala hakukasirika. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwingine mahali pa kuning'iniza kofia. "Hapa iko mugonjwa tu. Kama hauwezi kuita mugonjwa, hauwezi kazi. Ita."

Gaston akaenda mlangoni. Benchi lote lilimtazama, na hakuna aliyekuwa hajui, kwa sababu mambo ya ukwe hayafichiki Kasongo. Alifungua mdomo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, ndugu zangu. Akiita, anampoteza Régina. Asipoita, mama anarudi na uvimbe wake, na yeye mwenyewe anarudi kwenye pamba. Ulimi ukakataa.

Hapo mama mkwe akasimama. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa ameamua kumwondolea mkwewe mzigo ule. Alifunga kitambaa chake vizuri, akashuka ngazi za baraza taratibu, akashika njia ya kurudi. Alitembea hatua kumi, akasimama, akashika shingo, akatembea tena.

"Huyo hafiki Lusangi," akasema mtu mmoja kwenye benchi.

"Célestine!" Gaston akaita.

Alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, "Célestine! Célestine wa Lusangi!" Mwanamke mmoja akapiga kofi na kufunika mdomo. Wengine walitazama chini. Mama mkwe alisimama pale njiani, hakugeuka, na Gaston alitamani ardhi imfungukie. Kisha mama akarudi. Alipita mlangoni karibu kabisa naye bila kumtazama, naye akanusa moshi wa nyumbani kwao kwenye nguo zake.

Hata baadaye ukimuuliza kama aliita kwa ajili ya shingo ya mama au kwa ajili ya kontra, alikuambia shingo ya mama. Ila alijibu upesi mno.

Basi mngedhani yameisha. Hayakuisha. Mama alikaa kitini, akafumba macho, akafungua mdomo, na Bwana Koleo akaanza kutaja.

"Sita, juu kuume, haiko."

"Sita, juu kuume, haiko," Gaston akanong'ona, macho kwenye karatasi.

"Sauti! Mimi nasikia nini hapo?"

"Sita, juu kuume, haiko!"

"Saba, haiko. Nane, muzizi tu. Tano, haiko."

Dirisha lilikuwa wazi, na benchi lilikuwa kimya kupita kanisani. Gaston alirudia kila namba kwa sauti, kama alivyofundishwa, na kila namba ilimtoka kwa uchungu. Upande wa kuume hapakuwa na kitu cha kutafunia. Upande wa kushoto yalikuwa matatu, na mawili yameoza. Ndipo akakumbuka siku ya ndoa yake, nyama ya mbuzi iliyopelekwa kwa mama mkwe na kurudi vilevile, haijaguswa. Alikuwa amelibeba lile jambo moyoni miaka miwili, akidhani mama amemdharau. Kumbe mama hakuwa na meno. Alikuwa amelea watoto saba na maumivu yake, na kwa sababu mdomo wa mkwe hautazamwi, wala yeye hakuufungua kulalamika, hakuna aliyejua. Sasa ilijua Kasongo nzima.

Machozi ya mama hayakungoja koleo. Yalimtoka wakati wa kutaja namba. Jino lilipong'oka, na usaha kutoka, hakutoa hata sauti. Alitema, akafunga kitambaa chake, akaondoka.

"Muzuri sana!" akasema Bwana Koleo, akampiga Gaston bega. "Umeona? Umeacha mambo ya kijiji. Sasa wewe ni karani." Akaweka karatasi mezani. Miaka mitatu. Saa nne ya asubuhi, kichwa bado kinamzunguka, Gaston akatia saini.

Saa sita alirudi nyumbani, akamkuta Régina anafunga mzigo. Alikuwa amelia mpaka uso umebadilika. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba, na ingawa hapakuwa mbali, maneno yake yalipitia kwa binti, kama ilivyo desturi.

"Mama anasema asante kwa jino," Régina akasema. "Shingo imeanza kulegea. Anasema pia tunaondoka na lori ya saa nane."

"Régina, nilitaka kumuponya!"

"Najua. Na yeye anajua. Lakini umemuita mbele ya watu, umehesabu kinywa yake mbele ya watu. Baba akisikia, na atasikia tu, ni heri atukute nyumbani." Alijifuta uso. "Mambo yenyewe si magumu. Utakuja Lusangi na mbuzi, utasimama mbele ya baba na wazee, utaomba. Halafu unanirudisha. Lakini ukuje mbele ya mutoto kuzaliwa. Akizaliwa haujakuja, mutoto ni wa baba yangu, na mimi pia."

"Kaka yangu hawezi kuja kwa jina yangu?"

"Hapana. Uliita wewe, utaomba wewe."

Gaston hakungoja. Alikimbia katika jua la saa sita mpaka kwa Bwana Koleo, akamkuta anapanga masanduku ya safari ya Kindu. Aliomba siku tano. Akaomba siku nne. Aliomba karatasi ya njia tu, ile ya ruhusa ya kusafiri, chakula atajitafutia.

"Gaston," mzungu akasema kwa upole, "ruhusa ni nyuma ya mwaka moja kuisha. Iko kwa kontra. Haukusoma?"

"Bwana, ni bibi yangu, Régina."

"Bibi atarudi. Wao wanarudi kila siku." Akafunga sanduku. "Na usitoroke. Wewe unajua mambo ya gereza."

Alijua. Angefungwa, na mtoto angezaliwa yeye akiwa ndani. Angekaa, na mtoto angezaliwa yeye akiwa anaandika fishi. Alisimama barazani mwa yule mzungu akageuka huku na huku, na kila upande ulikuwa ukuta.

Saa nane lori lilikuwa sokoni, limepakia chumvi na vitambaa vya kurudi navyo Kabambare. Régina alikuwa amekwisha kupanda. Mama mkwe alikaa karibu naye juu ya magunia, na mara, mbele ya watu wote, akamtazama Gaston moja kwa moja. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, na macho yake yalifanana na ya Régina, jambo ambalo Gaston hakulijua mpaka siku hiyo.

"Gaston," akasema, na sauti yake ilikuwa bado nzito kwa jino. "Umetaja jina yangu, na mimi nataja yako. Sina kasirani na wewe, mwanangu. Ningekufa. Lakini kuja. Usipokuja, mimi sina namna ya kukusaidia."

Afadhali angemtukana. Gaston alijaribu kufungua mdomo aseme ukweli, kwamba ameuza miguu yake asubuhi ile kwa saini moja, akaona tumbo la Régina chini ya kanga, akashindwa.

"Utakuja siku gani?" Régina akauliza.

"Mwezi wa saba. Juma ya kwanza."

Aliitoa siku ile bila kusita, na Régina akahesabu kwa vidole. Mtoto alitazamiwa mwezi wa nane. Alihesabu mara mbili, kisha uso wake ukafunguka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Basi utatukuta," akasema. "Mama, umesikia? Atatukuta."

Mama akaitika kwa kichwa. Lori likanguruma, watu wakajisogeza, na Régina akapunga mkono mpaka kona ya msikiti. Gaston naye alipunga. Alibaki pale vumbi likishuka, kisha akarudi kazini, kwa sababu saa nane ilikuwa imepita na alikuwa amechelewa.