Kiti cha Mfanafuthi

"Kaka, tunatoka shimoni sasa. Inama, hapa dari iko chini."

Zibuyile alitembea polepole, mkononi ameshika tawi la mti wa miiba lililokauka kama kuni. Kaka yake Mfanafuthi mwenyewe ndiye aliyelileta Mwezini kutoka kwao Nongoma, amelizungushia shati, lije kubeba hadi nyumbani roho ya yeyote kati yao atakayetangulia kufa. Walimcheka sana siku ile.

Leo hakuna aliyecheka. Wachimbaji walikuwa wamekaa kando ya ukuta, mashine za kutoboa zimelala miguuni pao, na chombo cha kwenda Duniani kilikuwa kinasubiri mawe ambayo hakuna mtu aliyekubali kuyapakia. Dai lao lilikuwa moja tu. Mwili wa Mfanafuthi, uliopondwa na mwamba, kampuni iliuruhusu usafiri kwenye stoo ya mizigo. Wao walitaka na kiti kitupu ubavuni mwa dada yake Zibuyile, roho yake ikae, isibaki ikizurura kwenye vumbi hili lisiloota hata jani.

Mlangoni alisimama msimamizi Ntshangase, Mzulu mwenzao aliyekaa ofisini hadi akasahau alikotoka.

"Dada, waambie wapakie. Wewe panda, uende zako."

Zibuyile akanyamaza.

"Haya, mapumziko ya mchana nawarudishia."

Zibuyile akalikumbatia tawi.

"Na glavu mpya! Unataka nini tena, ngozi yangu?"

Jinsi alivyotamani kumjibu! Ulimi ulimwasha. Lakini mbeba tawi hasemi na aliye hai. Akisema naye, marehemu hupotea njiani.

"Una jeuri wewe!"

"Si jeuri, mzee," akadakia Bhekokwakhe, mpakiaji, bila kuinuka. "Kwani marehemu baba yako mlimrudishaje nyumbani?"

Ntshangase alimgeukia Zibuyile. Akalitazama tawi.

"Kwa basi, kutoka Johannesburg," alisema, sauti imeshuka. "Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, nikataka kukaa. Mama akanizaba kofi. 'Baba yako yuko hapo, huoni?'"

Akavua kofia. Hakumsemesha tena Zibuyile.

"Mfanafuthi, mwanangu," aliliambia tawi, "panda. Nimekuwekea dirishani."

Nyuma yao wanaume waliinuka, mmoja akaanza kuimba, na mawe yakaanza kupakiwa.

Ndani ya chombo, Zibuyile alililaza tawi kwenye kiti, akalifunga mkanda.

"Kaka, tunaondoka. Ile ya bluu kule ndiyo kwetu. Unakumbuka tulivyokuwa tunarudi na ng'ombe, mvua imetulowesha chapachapa, Mama anatufokea mlangoni huku ametushikia blanketi? Atakuwa anatusubiri hapo hapo."

Alilia, na hakujificha. Kisha akauondoa mkono wake kwenye egemeo lililokuwa kati yao, kaka yake apate pa kuweka wake.