Pingamizi la Dirisha la Jikoni

Watu wengi wa Ruiru wanaamini kwamba matumizi ya ardhi hubadilishwa na wakubwa wanaokaa kwenye meza ndefu ya kamati ya mipango kila Alhamisi. Wacha waamini. Wakubwa hao hawawezi kuidhinisha hata choo cha shimo kama mimi sijawapelekea faili. Mimi ni Tausi Salehe, karani wa masjala, umri miaka hamsini na mitatu, mjane, mama wa Muna, na kwa mdomo wangu huu nimekosana na mawakala wa ploti kuanzia hapa mpaka Thika.

Anayetaka kujenga flati mahali palipopangiwa nyumba moja huleta ombi kwangu. Nampa tangazo alibandike kwenye ploti, mahali panapoonekana kutoka barabarani, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote ana siku kumi na nne za kupinga kwa maandishi. Barua ya pingamizi nikiigonga mhuri ndani ya siku hizo, kamati lazima iisikilize. Ikichelewa, naiweka kwenye faili, mwombaji anapewa nakala, basi, imeishia hapo. Mhuri wangu una gurudumu dogo la tarehe linalozungushwa kwa kidole. Wengi wamenibembeleza nilirudishe nyuma siku moja au mbili. Sijawahi, na nilikuwa najivunia hilo kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Ombi la ploti ya mtaa wa Mugutha lililetwa Jumatano asubuhi na msichana mrefu, mpole, aliyevaa viatu vya kutembea mbali. Ploti ya futi hamsini kwa mia, kutoka nyumba moja ya familia kwenda flati ya ghorofa sita. Nikasoma jina la mwombaji: Akello Absalom, kwa niaba ya mirathi ya marehemu Absalom Okello.

Nilisoma neno "marehemu" mara tatu. Mara ya tatu herufi zilikuwa zinaogelea.

"Anti, kuna shida?" msichana akauliza.

"Hakuna. Bandika tangazo leo, siku zianze kuhesabiwa."

Alipotoka nilifunga kaunta dakika kumi, jambo ambalo silifanyi hata tumbo likiniuma. Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba mtu huyo nilishamaliza naye.

Utaratibu unataka ombi jipya liambatane na faili la zamani. Mafaili ya Mugutha ya miaka hiyo yalikuwa Thika, na hili lilifika baada ya siku mbili, limefungwa kwa kamba. Juu kabisa palikuwa na ramani, imegeuka rangi ya chai. Vyumba vitatu, sebule, jikoni. Na pale jikoni, kwa penseli, mwandiko wangu wa ujana wenye mikia mirefu: "Dirisha liwe huku." Halafu mshale kuelekea mlima Kilimambogo.

Mwaka 1998 nilikuwa mpiga taipu ofisi ya Thika, na Absalom alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Alileta ramani ile kwenye kaunta yangu, akarudi kesho yake kuuliza kama imepita, akarudi tena kesho kutwa, mpaka wenzangu wakawa wanakohoa kila akiingia. Alikuwa amechora dirisha la jikoni likitazama barabara, ili akitoka kazini anione kabla sijamwona. Nikamwambia mimi si mlinzi wa kuangalia nani anapita, mimi nataka kuona mlima. Nikachukua penseli nikamrekebishia. Alicheka hadi akashika kaunta.

Baba yangu, mzee Salehe, alisema kijana kama ana nia aje mwenyewe wazungumze, hata mambo ya dini yatazungumzwa. Absalom alisema kwao mwanaume haendi kuomba mke akiwa hana nyumba. Basi baba akamngoja Absalom, Absalom akaingoja nyumba, na mimi nikawangoja wote wawili.

Alifika kwenye msingi. Kiwanda kikapunguza watu, naye akiwemo, akapata kazi kama ile huko Jinja, Uganda. Tuliagana stendi ya Thika mchana kweupe. Alikuwa anaahidi kuniandikia kila wiki, na hasira ikanipanda, kwa sababu mimi sikutaka kuandikiwa, nilitaka asiende. Nikamwambia, "Barua sitaki. Usiniandikie hata moja mpaka nyumba iwe na paa." Nilikuwa nimenuna tu. Nilitaka anibembeleze. Alinitazama kidogo, akasema sawa.

Hakuandika. Mwaka uliofuata nikahamishiwa Ruiru. Enzi hizo kibali cha kujenga kilikuwa kinakufa baada ya miaka miwili kisipotumika, na miaka miwili ilipoisha bila neno, nikajiambia kibali kimekufa na mengine yote yamekufa nacho. Nikaolewa na Muzammil, muuza vipuri, mtu mwema kabisa, Mungu amrehemu. Sina la kumlaumu. Lakini kila nilipopita njia ya Mugutha niligeuza uso upande wa pili.

Sasa nikafunua ukurasa uliofuata wa faili. Ilikuwa barua ya mwaka 2000, kutoka Jinja. "Kwa ofisi ya mipango, Thika. Naomba kibali changu kiongezwe miaka miwili. Dirisha la jikoni libaki kama lilivyorekebishwa. Nasubiri jibu lenu." Chini yake mhuri: kimeongezwa. Kisha barua ya mwaka 2002, maneno yale yale. Kisha 2004. Kisha 2006. Zilikuwa kumi na tatu kwa jumla, ya mwisho ya mwaka jana tu, mwandiko ukiwa umeanza kutetemeka. Hakuna iliyochelewa hata siku moja.

Nilijikuta nimekaa sakafuni katikati ya rafu. Nilikuwa nimemkataza asiniandikie mimi, naye hakuniandikia mimi. Aliandikia ofisi, kwenye kaunta aliyodhani bado nimekaa, na kila baada ya miaka miwili akajibiwa na mhuri wa mtu mwingine. Yeye alidhani nasoma na kunyamaza. Mimi nilidhani amenisahau.

"Mama Muna, uko sawa?" Gachau, afisa wetu wa mipango ya mji, alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni vumbi," nikasema.

Mimi si mtu wa kwenda kukagua ploti, lakini siku ya tisa nilimwambia Gachau naenda naye Mugutha kuhakikisha tangazo limebandikwa.

"Haiya! Leo Mama Muna pia ni wa site?"

"Endesha gari, wewe."

Tangazo lilikuwepo, kwenye nguzo, limefunikwa nailoni vizuri. Nyuma yake ulikuwepo msingi wa nyumba yangu. Naam, nasema yangu. Mawe yalikuwa yamesimama yote mistari sawasawa, kila chumba mahali pake, na katikati ya mawe kumelimwa. Mama mmoja aliyekuwa akichuma mboga alijitambulisha kuwa anaitwa Nafuna, jirani, na akaanza kujitetea kabla hatujamuuliza.

"Mwenyewe alinikubalisha nilime. Alisema tu nisitoe mawe, hata moja. Kwa hivyo sukuma iko sitting room, maharagwe iko bedroom."

"Na jikoni?" nikauliza.

"Jikoni ni hapo kwa dania."

Nikaingia jikoni kupitia mlangoni, sikuruka ukuta. Nikasimama kwenye dania, nikageukia upande wa ule mshale wangu. Mbele yangu kulikuwa na flati ya ghorofa saba, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani. Kilimambogo haukuonekana hata ncha yake. Na flati ile nilikuwa naijua. Faili lake nililipeleka mimi mwenyewe kwa kamati mwaka 2016, na hakukuwa na pingamizi hata moja.

Nilirudi ofisini nikaandika. "Mimi, Tausi binti Salehe, napinga ombi hili kwa sababu ya dirisha la jikoni." Sentensi moja, na saini. Nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba, nikatembea nayo siku tano, kutoka nyumbani kwangu Kiganjo ya Thika mpaka Ruiru na kurudi. Nilitaka sana kuigonga mhuri. Nilijua kwamba kamati ikishapitisha flati, ramani ile itafutwa, na nyumba pekee niliyowahi kuitamani duniani haitakuwepo tena hata kwenye karatasi. Lakini nilijua pia kazi yangu. Kamati husikiliza mambo ya barabara, ya maji taka, ya mwanga na moto. Gachau angeisoma barua yangu kwa sauti mbele ya watu kumi na mmoja, na mmoja wao angeuliza, dirisha la kutazama nini? Ukuta wa jirani? Tena mtu mwenyewe amekwisha kufa. Nani humjibu marehemu kwa pingamizi?

Siku ya kumi na nne ilikuwa Jumatano. Saa kumi na moja kasoro dakika mbili niliitoa barua, nikaiweka mezani, nikaulowesha mhuri wino. Mkono ukabaki hewani. Nilijikaza kisabuni, nikaugonga mhuri kwenye karatasi chakavu, nikairudisha barua mkobani, nikafunga kaunta. Sikulia. Niliona aibu tu, kama msichana aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Alhamisi, ombi la Mugutha lilichukua dakika sita. Gachau alieleza upana wa barabara na kiasi cha maji. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Swali hilo hujibiwa na mimi.

"Hakuna," nikasema.

Likapita. Nikaichukua ramani ya zamani, nikaichora mistari miwili ya kukatiza kona hadi kona na kuandika "Imefutwa", kama utaratibu unavyotaka. Niliangalia mistari isipite juu ya mshale, lakini mmoja ulipita.

Akello alinikuta kwenye korido ameshika bahasha yake kifuani. Hakuonekana kama mtu aliyepata ghorofa sita.

"Asante anti," alisema. "Lakini si nitakuambia ukweli? Nilikuwa naomba kidogo mtu apinge."

"Apinge kwa nini?"

"Ni babangu. Alizikwa Agosti, huko nyumbani Siaya. Kabla aende alituambia, mkitaka kubadilisha hiyo ploti ya Mugutha, bandikeni tangazo na mngoje siku zote kumi na nne. Kama kuna mtu atapinga juu ya dirisha, msiguse hiyo msingi mpaka muongee na yeye, atawaambia vile anataka. Kama hakuna, jengeni flati yenu." Akacheka kidogo, macho yakiwa yamelowa. "Sisi tulifikiria ni ugonjwa inaongea. Nani anapinga juu ya dirisha?"

Mkoba ulikuwa begani mwangu. Niliuhisi mzito kama umejaa mawe. Nikamwomba Akello asubiri, nikaingia masjala, nikaketi mbele ya mhuri.

Siku moja tu. Barua ya idhini ilikuwa haitiwi saini hadi Jumatatu, na hakuna binadamu ambaye angejua. Niliweka kidole juu ya gurudumu la tarehe na kulisukuma nyuma, likatoa ule mlio wake mdogo, likasimama Jumatano. Nikaiona nyumba ile, na paa lake, na mimi nikiwa jikoni, na mtu anatoka kazini. Nilimtaka mtu huyo. Baada ya miaka ishirini na saba na ndoa na mtoto na matanga, bado nilimtaka vilevile nilivyomtaka stendi ya Thika.

Halafu nikakumbuka zile barua kumi na tatu. Yeye hakuchelewa hata mara moja. Nikikaa hapa kughushi tarehe, hata hili jibu langu moja litakuwa la uongo. Nikalirudisha gurudumu Alhamisi. Nikagonga. Nikachukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Imechelewa." Nikatoa nakala, na barua yenyewe nikaitia kwenye faili, nyuma ya barua zake, ziwe pamoja. Nakala nikatoka nayo.

Akello aliisoma akiwa amesimama. Ni sentensi moja, lakini aliisoma kwa muda mrefu. Akautazama mhuri, akatazama beji yenye jina langu kifuani, kisha akanitazama usoni.

"Ni wewe," alisema.

Niliitikia kwa kichwa.

"Lakini anti, umechelewa siku moja pekee. Narudi kwa hao watu saa hii, natoa ombi. Sisi tunaweza ngoja. Wewe useme tu vile unataka."

"Sikuchelewa siku moja, mwanangu," nikamwambia, na machozi yakanitoka palepale kwenye korido, mbele ya mawakala wa ploti ambao wamekuwa wakiniogopa miaka yote. Nikayaacha yatoke. "Nenda ukajenge. Ile nyumba ilikuwa ya watu wawili. Mwambie tu Nafuna mapema, atoe mboga zake."

"Sasa hii unanipatia ya nini?"

"Hiyo si yako. Nakala hupewa mwombaji, na mwombaji wa kwanza alikuwa yeye." Nikaikunja karatasi vizuri ndani ya mkono wake. "Ukienda Siaya, msomee. Mwambie ofisi imejibu."