Mpira wa Mgongoni

"Jirani yetu Kasimiri naye alikuwa na jiwe la figo, naye alitobolewa tundu mgongoni, mbona karudi hapa Majimoto mgongo mtupu?" Nyanda alikuwa amesimama katikati ya mlango kuzuia njia. "Huyu wa kwetu ndiye katundikiwa mpira kama ndama mgonjwa. Walikosea hao, shemeji. Tuuchomoe yaishe."

"Chomoa wa ng'ombe zako," Theopista alisema. "Jiwe la Kasimiri lilikuwa dogo, likatoka safi. La mdogo wako lilikuwa kubwa, lina usaha. Daktari kanieleza mimi, wewe hospitali hata getini hukufika. Mpira unatoa uchafu, na watautoa wenyewe siku ya kliniki. Pisha."

Alimsukuma kwa bega akaingia. Alikuwa ametoka kumzika shangazi yake kule Inyonga, na alikuwa amemwacha mumewe mikononi mwa kaka mtu huyo. Harufu ilimpokea kabla hajaweka mkoba chini: samli iliyochacha, jasho, na mkojo uliolala. Mate yalimjaa mdomoni akayameza kwa shida.

Luhende alikuwa amelala kifudifudi, nzi wamemjaa kiunoni. Theopista akafunua bandeji. Chini yake, kuzunguka tundu, palikuwa na tope la kijani lililochanganywa na samli, limeganda kingo, katikati linateleza kama makamasi. Siku moja kabla ya kuondoka alikuwa amepasafisha mwenyewe pakang'aa.

"Dawa ya kwetu hiyo," Nyanda alisema nyuma yake. "Inavuta kidonda."

"Inavuta nzi."

Mfuko wa mkojo ulikuwa mkavu. Mtu anayekunywa maji kutwa, mfuko mkavu? Aliufuata mpira kwa vidole chini ya shuka mpaka akakuta umekunjwa na kubanwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia magunia. Alimgeukia Nyanda, lakini aliyejibu ni Luhende, uso kwenye mto.

"Mimi ndiye nilimwambia afunge, mama Recho. Wanakwaya walikuja kuniombea. Mkojo unaning'inia hapo, na yule Helena wao kakaa karibu kabisa."

"Kwa hiyo umeuhifadhi ndani kwa heshima ya Helena."

"Nilisema tutafungua wakiondoka."

"Tukaona hata nguvu zinabaki," Nyanda aliongeza. "Ile ilikuwa inammaliza."

Theopista aliufungua ukanda kwa kucha. Mpira ukakoroma, ukatema kitu kizito rangi ya uji wa ulezi, na uvundo uliopanda ulimtoa Nyanda nje anakohoa. Theopista alibaki, ameuma midomo. Akaweka kiganja kwenye shingo ya mumewe. Inachoma. Na sasa meno ya Luhende yalikuwa yameanza kugongana.

"Kesho asubuhi tutaona," Luhende alisema.

"Kesho hiyo utaionea wapi?"

Alitoka barabarani kama alivyo, mikono inanuka, akasimamisha bajaji ya kwanza iliyopita, akamshusha abiria wake kwa maneno mawili. Akarudi ndani na kanga, akamfunika Luhende mgongo bila kuugusa mpira.

"Shemeji, njoo ushike miguu. Hapohapo tu, usiguse kwingine na hayo masamli yako."

Nyanda akashika. Wakamwingiza kwa ubavu, Theopista akakaa naye akiwa ameushikilia mfuko chini ya kiuno cha mumewe, mbele za majirani wote.

"Hospitali," alimwambia dereva. Bajaji ikaondoka.