Ini la Beberu Mweupe

Je, wewe umewahi kuona mtu na mbuzi wakijikuna kwenye mlango mmoja, saa ileile, kila mmoja na mwimo wake?

Wegesa aliona hayo kijijini Susuni, mwaka hamsini na nne, mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Mtu alikuwa baba mkwe wake, Mzee Machage. Mbuzi alikuwa beberu mweupe wa mama mkwe, Waisiko, aliyezoea kulamba machicha ya dawa jikoni.

Dawa yenyewe ilikuwa magome na mizizi michungu, ikichemshwa kutwa mpaka inakuwa nyeusi, kwa ajili ya mgongo wa mzee. Mume wa Wegesa alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai, hivyo kibuyu cha dawa alikipeleka yeye kila asubuhi. Alikiweka juu ya jiwe karibu na ghala, akakohoa, akaondoka. Kwa Wakurya mke wa mwana hasemi na baba mkwe, wala hasimami mbele yake. Ndiyo heshima, na Wegesa alilelewa nayo.

Lakini kuona, alikuwa anaona. Kwanza macho ya mzee yaligeuka manjano. Kisha masikio ya beberu, kwa ndani, manjano yaleyale. Miguu ya mzee ikavimba hata kanda za makatambuga zikazama kwenye nyama. Beberu naye akaacha kulia. Kila adhuhuri alikuja mlangoni kwa mzee, kimya, akajikuna mwimo wa kulia huku mzee akijikuna wa kushoto.

"Mama, baba anageuka rangi," Wegesa akamwambia Waisiko.

"Ni ugonjwa unatoka huo. Dawa isiyotoa rangi ni maji ya kunawa." Waisiko akacheka. "Darasa la pili la misheni, tayari daktari! Haya, bibi daktari, chochea moto."

Siku beberu alipolala asitake kuinuka, wazee wakamchinja upesi. Wakatandaza utumbo, wakausoma kama desturi: safi, boma halina baya. Ini hakuna aliyelitazama. Lilitiwa kwenye ungo pamoja na figo, likapelekwa jikoni.

Wegesa akalishika. Lilikuwa gumu, lina vinundu kama ukoko wa ugali, na kisu kilipopita kilitoa sauti ya kukata mzizi. Figo zilikuwa zimenyauka. Harufu ilikuwa ileile ya chungu cha dawa. Akamrushia mbwa kipande. Mbwa akanusa, akaenda kinyumenyume mpaka nje ya boma.

"Usiseme neno," Waisiko akanong'ona, na sasa hakucheka. "Utumbo umeshasomwa."

Asubuhi yake ukungu ulijaa uani. Wegesa akaweka kibuyu juu ya jiwe, akakohoa. Mzee akatoka, akaegemea mwimo wa kushoto, akajikuna. Na kwenye mwimo wa kulia, pasipo na mbuzi, udongo ukawa unadondoka kidogo kidogo, kama kuna kitu kinajisugua.

Wegesa akarudi nyuma hatua kadhaa, akitaka kukimbia. Mzee akajikongoja hadi kwenye jiwe, akainua kibuyu, kikafika kidevuni.

Wegesa akarudi. Akasimama mbele yake kabisa, akafunika mdomo wa kibuyu kwa viganja viwili. Mzee akageuza uso kwa aibu.

"Baba," Wegesa akasema, sauti yake ngeni hata kwake mwenyewe, "usinywe tena. Ini la yule mbuzi nimelishika kwa mikono hii."